Fito, Tofali na Bati: Nani Alianza Kuboresha Nyumba Kisaki?

Liko dai lililozoeleka katika mazungumzo ya historia ya vijiji vyetu, na kwa Kisaki hurudiwa kana kwamba halina mpinzani. Linasema mwananchi wa huku kusini mwa milima ya Uluguru alianza kufikiria kuiboresha nyumba yake pale reli ya TAZARA ilipomletea bati na saruji katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo, tunaambiwa, alijenga kama alivyojenga babu yake, nyumba ikianguka akasimamisha nyingine, na bustani yake ilikuwa mchicha uliojiotea jalalani. Ushahidi wa kulipinga dai hili umekwisha kuchapishwa tangu mwaka 1860, tena na mtu ambaye hakuwa na nia hata chembe ya kuwatetea Wakutu.

Mtu huyo ni Richard Burton. Yeye na mwenzake John Speke walifika Zungomero, katika nchi ya Wakutu jirani na Kisaki ya leo, mwishoni mwa Julai 1857, wakaondoka mapema Agosti kuendelea na safari ya bara. Homa zilikuwa zimewaandama, wapagazi wanatoroka, na ghadhabu zote hizo Burton alizimwagia kitabu chake juu ya nchi za maziwa. Maneno yake kuhusu nyumba za Ukutu yametumiwa mara nyingi mno: vibanda duni, milango mifupi kama ya banda la nguruwe, mapaa yaliyoshuka hata mtu hawezi kuingia ila kwa kutambaa. Wanaoyataja huishia hapo. Laiti wangesoma mistari michache zaidi.

Kwa maana akishamaliza kutukana, Burton anaeleza nyumba yenyewe ilivyojengwa, na kwa hilo alikuwa na jicho kali. Nyumba ya kawaida ni ya duara, upana wake futi 12 hadi 25, yaani kati ya mita tatu na nusu na saba na nusu hivi. Kwanza husimamishwa miti, ikazungushiwa fito laini kwa mistari inayopandana. Kisha ukuta hukandikwa udongo mwekundu au wa kijivu, ndani na nje. Baadhi ya nyumba zina ukuta wa pili unaouzunguka ule wa kwanza, ikawa nyumba ndani ya nyumba. Uzito wa paa unabebwa zaidi na mti wa katikati, na upenu wake unatokeza nje na kulala juu ya nguzo zenye panda, hivyo kupatikana baraza nyembamba. Juu zinawekwa nyasi nene au makuti, zikafungwa kwa kamba za magome ya miti. Halafu linafuata lalamiko: mvua kubwa ikianza, dakika za mwanzo paa huvuja, kwa kuwa jua limezikausha nyasi zikasinyaa.

Fundi yeyote wa kijijini akisomewa maelezo hayo ataona mambo ambayo mwandishi wake hakuyaona. Paa linavuja dakika za mwanzo tu, maana nyasi zikishalowa huvimba na kujiziba zenyewe. Kukandika pande zote mbili ni kazi maradufu, na hakuna anayeifanya bila sababu: fito zilizoachwa wazi upande wa nje hupigwa na mvua zikaoza mapema. Baraza ile nyembamba nayo si pambo. Inakinga kitako cha ukuta, mahali ambapo nyumba ya udongo huanza kufa, kwa matone yanayorushwa na ardhi wakati wa masika.

Ninalolipenda zaidi ni ule ukuta wa pili. Burton anasema baadhi ya nyumba zinao, maana yake nyingine hazikuwa nao. Hapo ndipo dai la nyumba zisizobadilika linapovunjika. Mtu mwenye nyumba ya ukuta mmoja aliweza kuongeza wa pili mwaka ambao mavuno yamekubali, akapata stoo na ubaridi wa mchana, bila kubomoa chochote na bila kuwahamisha watoto. Huko ndiko kujenga kwa awamu, kwa uwezo uliopo, jambo ambalo semina za makazi za leo hulitangaza kana kwamba limegunduliwa juzi.

Mashamba nayo Burton aliyaona, ya mpunga na mtama, pamoja na migomba. Zungomero ilikuwa kituo cha misafara, na misafara hula. Lakini ameandika pia jinsi watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pwani walivyowapora wenyeji watakavyo. Ajuaye hilo hatamshangaa Mkutu aliyepanda mboga za kuvuna baada ya wiki tatu akaacha kupanda mwembe wa kuvuna baada ya miaka mingi. Nyumba na bustani ya maskini husomeka vizuri ukijua kwanza nani alikuwa anapita njiani.

Enzi ya Wajerumani nitaipita haraka. Waliweka kituo Kisaki, na kuanzia 1898 wakatoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, ambayo iligeuza kila kibanda cha ziada kuwa deni. Ukitaka kumjengea mama yako mzazi chumba chake uani, uliulizwa na mkusanya kodi kwanza. Waingereza waliendelea na mtindo huohuo. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini yaliyokuwa upande wa Waingereza yalipigana na ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck hapahapa Kisaki, na Januari 1917 mwindaji Mwingereza Frederick Selous akauawa Behobeho, si mbali. Vita hiyo ina vitabu vya kutosha. Sina la kuongeza ila kwamba askari na wapagazi wa pande zote mbili walikula mashamba ya wenyeji, na wanahistoria wa vita huyaita hayo ugavi.

Kwa upande wa bustani, Mwingereza anakumbukwa zaidi mlimani kuliko kwetu bondeni. Mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha Waluguru kuchonga miteremko kuwa ngazi pana kwa jembe la mkono. Wakulima wa Mgeta walikuwa na matuta yao ya ngazi ndogondogo, wakifukia magugu humo yawe mbolea. Ngazi za serikali zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, mahali pa kupandia. Kazi ikaongezeka, mazao yakapungua. Julai 1955 watu waligoma waziwazi Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa, na mwaka huohuo mpango ukaachwa. Wapo wanaoendelea kuandika kwamba Waluguru waliupinga kwa kuchochewa na wanasiasa tu. Sioni haja ya kubishana nao. Wamwulize aliyewahi kupanda maharage kwenye udongo mwekundu wa chini.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe, ambao haukuanzishwa na mkoloni.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalalamikia wananchi kwa mapenzi yao ya bati na saruji. Aliyaona kama kudumaa kwa fikra. Saruji, alisema, asili yake ni udongo, ila huu umetoka Ulaya. Na watu wanakataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae, wanakaa kungojea bati ambalo halifikii ubora wa kigae. Maneno hayo yamependwa na wasanifu majengo na wageni wanaopenda nyumba za udongo kwa picha. Nami nakubali nusu yake. Udongo wa tofali upo Kisaki, na ushahidi umesimama pande zote za barabara: nyumba nyingi za sasa ni za tofali za kuchoma. Mafundi huchagua udongo wa kichuguu wakiupata, kwa kuwa unashikana. Hufyatua kwa kibao cha mbao, wakaanika tofali na kuzifunika nyasi zisipasuke kwa jua, kisha wakazipanga kuwa tanuri lenye midomo ya kuni chini, wakalikandika udongo nje ili moto usitoroke. Tanuri linawaka usiku na mchana, na mwenye nyumba halali. Kuta hujengwa kwa udongo wa kawaida, na saruji kidogo inaishia kwenye viungo vya nje.

Lakini kwa paa, Mwalimu hakuwasikiliza watu wake. Chukua kwanza uzito. Mita moja ya mraba ya vigae vya udongo hufika kilo 40 na zaidi. Bati jembamba halifiki kilo 5. Kigae kinadai kenchi nzito, mbao iliyonyooka na fundi aliyesomea mteremko, vitu ambavyo kijiji hakikuwa navyo. Bati linakaa juu ya miti ya kawaida. Pili, bati hununuliwa moja moja. Mtu akiuza gunia la mpunga ananunua mawili, anayaweka chini ya kitanda, mwakani anaongeza mengine. Akiuguliwa anauza moja. Huko ndiko kuweka akiba mahali ambapo hapakuwa na benki.

La tatu ndilo zito. Maneno hayo yalisemwa miaka michache tu baada ya Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya Watanzania kati ya 1973 na 1976. Aliyeamriwa kuhama aliacha ukuta wake, sakafu yake, migomba yake na choo chake. Kitu pekee cha nyumba alichoweza kujitwika kichwani ni bati. Serikali iliyomfundisha mwananchi kwamba anaweza kuhamishwa kwa tangazo ilikuwa na haki gani ya kumshangaa anapopenda paa linaloweza kung'olewa misumari?

Na kuna la nne, linalounganisha paa na bustani. Paa la nyasi haliteki maji yanayofaa. Paa la bati la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linamwaga karibu lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Mama anayebeba maji kutoka mtoni hahitaji kufanyiwa hesabu hiyo. Mfereji wa bati lililokunjwa na pipa kuukuu vinatosha kuendeleza tuta la mchicha na bamia siku kadhaa baada ya mvua kukatika.

Kasoro za bati zipo: mchana nyumba ni tanuri, mvua ikinyesha redio haisikiki. Tofali nazo zina deni ambalo Mwalimu hakulitaja. Kila tanuri linakula kuni, na kuni hizo zinatoka kwenye misitu tunayoambiwa tuihifadhi. Kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanzishwa mwaka 1971, na wakala wa serikali uliokirithi mwaka 2001, vimefanya kazi nzuri ya matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Ila mashine hiyo lazima mtu ainunue au aikodi.

Tena kulalamikia bati mwaka 1977 kulikuwa ni kulalamikia kitu kinachokaribia kutoweka. Muda si mrefu bati na saruji vikawa vya kibali na foleni, au vya magendo, mpaka biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa kimeanza uzalishaji mwaka 1966, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976. Treni ilikuwepo, stesheni ya Kisaki ilikuwepo; mzigo ndio uliokuwa wa shida. Jamie Monson, aliyeandika historia ya reli hiyo kwa kutumia hata stakabadhi za vifurushi, ameonyesha kwamba uhai wake uko kwa wachuuzi wadogo wanaopanda na magunia yao. Kwa hiyo wanaosema reli iliwaletea watu wa huku wazo la kuboresha nyumba wamegeuza mambo. Watu walikuwa na wazo, wakapata usafiri.

Kama kuna kampeni ya miaka ile inayostahili sifa zaidi ya inazopewa, ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya majirani, ikawafikia karibu watu milioni mbili, na iliwataka wafanye mambo yanayowezekana kwa jembe na panga: chimba choo, fukia madimbwi, fyeka kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyogusa mboga na lishe. Hakuna aliyeambiwa fikra zake zimedumaa, na vyoo vikachimbwa kwa maelfu.

Miaka ya karibuni ina wasemaji wake. Mkoani Morogoro kilimo hai kimepata taasisi, SAT, iliyosajiliwa mwaka 2011 kutokana na mradi wa Bustani ya Tushikamane, na bustani za magunia zimekuwa jambo la kawaida uani. Kwa Kisaki mgeni mkubwa wa bustani ni tembo. Tangu 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous la zamani imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo hasomi mpaka. Njia inayoshauriwa kwa wasio na uwezo wa uzio ni kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili kali na oili chafu, ikatundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuchovywa upya mvua ikiisuuza. Majirani huweza kuchangiana kamba, pilipili ikatoka bustanini humohumo, na hadi leo sijasikia kiongozi yeyote akiilalamikia.