Ukame katika Bonde la Mafuriko: Habari za Kilimo cha Kilombero

Asomaye habari za bonde la Kilombero hukuta mafuriko kila mahali. Mto huo, ambao sehemu zake za chini huitwa pia Ulanga, hupokea maji ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na ya milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Na masika yakikolea huvunja kingo zake na kufunika uwanda mpana unaoizunguka Ifakara. Kwa hiyo ukame hudhaniwa kuwa habari ya nchi nyingine, ya Ugogo au ya Usangu. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Ukame wa Kilombero upo, ila sura yake ni nyingine.

Bonde lina maji ya namna mbili: mvua inyeshayo juu ya shamba lenyewe, na maji yashukayo kutoka milimani kupandisha mto. Mkulima wa mpunga huyahitaji yote mawili, tena kila moja kwa zamu yake. Hupanda kwa mvua za kwanza, mwezi wa Novemba au Desemba, pengine hata Januari. Mche hupata nguvu kwa mvua zifuatazo. Kisha mwezi wa Machi na Aprili mto hujaa na kuukuta mpunga umekwisha kurefuka. Mvua za kwanza zikichelewa, au jua likiwaka majuma kadhaa mfululizo baada ya kupanda, mche hudumaa, na mto haumngoji mtu. Maji yajapo huufunika mpunga uliobaki mfupi. Basi shamba ambalo mgeni huliona limeangamizwa na maji huenda liliangamizwa kwanza na jua, na mwandishi wa taarifa akaandika "mafuriko" tu.

Hapa lugha nayo ina neno la kusema. Kiswahili cha vitabu hupenda neno ukame, litokanalo na sifa ya -kame; lakini neno hilo hueleza nchi kavu, halielezi mvua iliyokosa zamu yake. Usemi wa kawaida wa wakulima, kwamba "mvua imekatika" au "jua limezidi", uko karibu zaidi na jambo lenyewe.

Wenyeji wa kale wa bonde, yaani Wandamba wa mtoni pamoja na Wabena, ambao A. T. na G. M. Culwick waliandika kitabu juu yao mwaka 1935, na jirani zao Wambunga na Wapogoro, hawakuwa watu wa kutegemea chakula kimoja. Palikuwa na mpunga mabondeni, mahindi mahali palipoinuka, na samaki mtoni. Mwaka wa jua, palipo chini huzaa. Mwaka wa maji, palipo juu huzaa. Ndiyo maana jamaa nzima ilihama nyumbani kwa miezi mingi ya kilimo ikakaa shambani katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ikilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Desturi hiyo haijakoma. Kinga yao ilikuwa nafasi ya kuchagua mahali.

Nafasi hiyo ndiyo iliyopunguzwa hatua kwa hatua. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kisha vita vikuu vilivyofikisha majeshi ya Wabelgiji Mahenge mwezi wa Oktoba 1917, viliharibu akiba ya vyakula. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na karibu wakati uo huo Operesheni Vijiji. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na reli ilileta soko la mchele; lakini makao yalifungwa mahali pamoja, na shamba la akiba likawa mbali. Kilimo cha umwagiliaji, kilichotarajiwa sana na wachunguzi wa FAO waliotoa taarifa yao juu ya bonde la Rufiji mwaka 1961, kiliwafikia wachache. Miwa ya Kidatu ilipata maji ya Ruaha Mkuu. Mpunga wa mkulima mdogo ulibaki kutazama mbingu.

Tena ukame wa kwingine ulikuja kwa miguu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukatika maji kila kiangazi chini ya Usangu. Mvua za vuli za 2005 zilipokosekana, na bwawa la Mtera likapungua hata umeme ukatolewa kwa mgao, serikali iliwaondoa wafugaji Usangu mwaka 2006. Waliamriwa waende kusini, mkoa wa Lindi hasa, lakini wengine waliingia Kilombero na ng'ombe wao. Nchi waliyoikuta ilikwisha kuandikishwa mwaka 2002 katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, eneo la kilomita za mraba 7,967, na mwaka 2012 wakaondolewa tena. Ni vigumu kuwalaumu wao peke yao. Majani ya kiangazi waliyoyafuata yalikuwa mahali pale pale ambapo mkulima alikimbilia jua lilipozidi.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara kimeeneza mbegu kama SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002, izaayo sana na kukomaa mapema kuliko nyingi za kienyeji. Faida yake ni kubwa palipo na maji ya kuongozwa. Lakini bua lake ni fupi, na katika mashamba ya mafuriko mapana ufupi huo ni hatari. Mwishoni mwa 2021 mvua zilichelewa. Mwanzoni mwa 2024 maji yaliingia Ifakara na Mlimba. Mbegu moja haiwezi kukidhi miaka miwili ya namna hiyo, na wakulima wengi wa bonde wangali wakichanganya mbegu mpya na za kale katika shamba moja.