Tarehe ya Wafaransa na Wabhutani wa Manchester

Katika jimbo la New Hampshire, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, uko mji uitwao Manchester, uliojengwa kandokando ya mto Merrimack, mahali ambapo maji huporomoka juu ya majabali kwa nguvu iliyotosha, kabla ya umeme kuanza kutumika, kuzungusha mashine za kusokota na kufuma pamba. Kampuni ya Amoskeag, iliyosajiliwa mwaka 1831, ndiyo iliyochimba mifereji, ikapima viwanja, ikakata njia na kujenga nyumba za wafanyakazi, hata mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa na viwanda vikubwa vya pamba kupita vyote duniani, vyenye watu wapatao 17,000 ndani ya majengo ya matofali mekundu yaliyoandamana ukingoni mwa mto kwa zaidi ya maili moja. Nguo za upande huo wa dunia si ngeni kwetu sisi wa pwani, maana merikani iliyoshushwa Unguja na merikebu za Salem, kisha ikachukuliwa na misafara hadi Ujiji, ilifumwa katika viwanda vya New England. Ila habari za watu wa viwanda hivyo hazikutufikia, na baadhi yake ndizo ninazokusudia kuzisimulia hapa, pamoja na habari za watu wengine waliouingia mji huo huo baada ya mashine kunyamaza.

Serikali ya Marekani huwahesabu raia na wakazi wake kwa asili za wazee wao, na katika hesabu hizo wenye asili ya Kifaransa, ambao katika New Hampshire ni kiasi cha mtu mmoja katika kila watano, hukaa karibu na wastani wa taifa kwa kipato na kwa elimu, ilhali wenye asili ya Bhutan hukaa chini ya wastani huo, hata watu wazima wao wenye shahada ya chuo kikuu ni takribani 15 kwa mia, na kwa Wamarekani wote ni kiasi cha theluthi. Hesabu hizo ni sahihi. Lakini haziandiki mwaka ambao kila kaumu ilibisha hodi, wala mlango iliopitia, na mtu azisomaye pasipo kuyajua hayo atadhani kwamba mmoja ana akili au juhudi kumpita mwenziwe.

Wafaransa hawa hawakutoka Ufaransa moja kwa moja. Wazee wao walivuka bahari katika karne ya 17 wakalima kandokando ya mto Saint Lawrence, katika nchi iitwayo leo Quebec, na wajukuu wao wakazidi kuongezeka hata mashamba, yaliyogawanywa na kugawanywa tena baina ya warithi, hayakuweza kuwalisha. Mama mmoja kuwa na watoto kumi halikuwa jambo la ajabu, ardhi ilikuwa imechoka, deni la mbegu na zana lilikuwa halilipiki, na baridi ilishika miezi mingi. Basi kati ya mwaka 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliihama Quebec kuingia Marekani, wengi wao kwa gari la moshi, na safari ya kufika Manchester ilikuwa fupi mno hata mtu aliweza kwenda kwao kuvuna kisha akarudi kazini. Aliyetangulia alimwita nduguye, na nduguye akamwita shemejiye. Jamaa walipelekana kwa msimamizi wa chumba cha kufumia, wakafundishana kazi pasipo mwenye kiwanda kutoa hata senti, na kwa njia hiyo wakafikia kiasi cha watu 40 katika kila wafanyakazi 100 wa Amoskeag. Walipanga ng'ambo ya magharibi ya mto, katika mtaa uliojulikana kwa jina la Petit Canada.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taabu. Madirisha ya vyumba vya kusokotea yalifungwa kaskazi na kusi, kwa sababu uzi mkavu hukatika na unyevu haukuruhusiwa kutoka. Vumbi la pamba lilielea hewani na kutua juu ya nywele, nyusi na mabega. Na kishindo cha mamia ya mashine kilikuwa kikubwa hivi kwamba wafumaji walijizoeza kusomana midomo. Mwaka 1909 mpigapicha Lewis Hine alifika mjini akawapiga picha watoto waliosimama kwenye malango ya kiwanda, na picha hizo zingalipo: wavulana wa kofia, wasichana wenye vikapu vya chakula, nyuso za kitoto juu ya nguo za kazi. Wazazi wao hawakuwa watu wasio na huruma. Ujira wa baba haukutosha pango na chakula cha kaya ya watu kumi, na mtoto aliyetimiza miaka 14, na mara nyingi hajaitimiza, alitolewa shule akaongeza chake mezani. Hapo ndipo pana asili ya unyonge wa Wafaransa kwa muda wa vizazi vitatu, kwa maana kila kizazi kilikula elimu ya kizazi kilichofuata.

Dharau nayo haikukosekana. Mwaka 1881 ofisi ya takwimu za kazi ya jimbo jirani la Massachusetts iliandika katika taarifa rasmi kwamba Wafaransa wa Kanada ni Wachina wa majimbo ya mashariki, ikikusudia kuyatukana makabila yote mawili kwa kalamu moja, na ikawashutumu kwamba hawataki uraia, hawapeleki watoto shule, na haja yao ni kukusanya fedha na kwenda zao. Shutuma ya uraia ilikuwa na chembe ya kweli, na sababu yake ni ule ukaribu wa kwao: anayeweza kurudi nyumbani kwa safari ya siku moja haoni haraka ya kula kiapo cha nchi nyingine. Kwa hiyo kura zao zilichelewa, na waliochelewa kura walichelewa na vyeo, hata mwaka 1909 Aram Pothier, mmoja wao, aliposhika ugavana wa Rhode Island ikawa ni habari ya kushangiliwa katika kila mtaa wa Wafaransa.

Badala ya serikali walilitegemea kanisa, na kando ya kanisa wakajenga shule, hospitali, na gazeti la lugha yao, L'Avenir National. Mwaka 1896 wakaunda hapo hapo Manchester chama cha Association Canado-Américaine, kilichowalipa wajane na mayatima wa wanachama. Lakini katika yote waliyoyaasisi, lililo kubwa kwangu ni la mwaka 1908. Padre Pierre Hévey wa parokia ya Sainte-Marie, akiona mabenki ya mjini hayana haja na akiba ya mfumaji, alimwalika Alphonse Desjardins, mtu wa Quebec aliyekwisha kuanzisha vyama vya kuweka na kukopa kwao, na kwa shauri lake wakafungua chama cha kwanza cha namna hiyo katika Marekani nzima. Ofisi yake ilikuwa nyumbani kwa mwanasheria Joseph Boivin, katika barabara ya Notre Dame, nyumba ya mbao kama nyingine za mtaani, ambamo mfanyakazi aliyetoka zamu aliweka senti zake kwa lugha aliyozaliwa nayo, mbele ya mtu aliyemjua baba yake. Chama hicho kingali hai hivi leo kwa jina la St. Mary's Bank, na nyumba ya Boivin imefanywa makumbusho.

Akiba hiyo ilikuja kuwafaa. Mwaka 1922 kampuni ilipunguza ujira kwa 20 kwa mia na kuongeza saa za kazi kutoka 48 hadi 54 kwa juma, wafanyakazi wakagoma muda wa miezi tisa, wakarudi wakiwa wamekonda na wamegawanyika. Mwaka 1935 mashine zikazimwa, na mwaka 1936 mahakama ikaamuru kampuni ifilisiwe. Waliobaki walihangaika na viwanda vidogo vya viatu na nguo, mpaka vita vya pili vya dunia vikaja na sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia askari waliorudi gharama za masomo na kuwadhamini mikopo ya nyumba. Kuanzia hapo ndipo wajukuu wa wafumaji walipokuwa walimu, mawakili na wenye maduka, na mwaka 1974 Norman D'Amours akachaguliwa kuiwakilisha New Hampshire katika Bunge la Marekani. Lugha iliondoka wakati uo huo, maana aliyesoma kwa Kiingereza aliwalea wanawe kwa Kiingereza, na leo vijana wengi wa majina ya Kifaransa hawawezi kuyatamka kama babu zao walivyoyatamka.

Wabhutani nao wana tarehe yao, fupi kwa miaka na ndefu kwa msiba. Wanaitwa Lhotshampa, maana yake watu wa kusini; wazee wao walitoka Nepal tangu mwishoni mwa karne ya 19 wakafyeka misitu ya mabonde ya kusini mwa Bhutan, wakapanda mpunga, machungwa, iliki na mipopoo, na sheria ya mwaka 1958 ikawapa uraia. Sheria ya mwaka 1985 ikawapokonya kwa hila, kwani katika sensa ya mwaka 1988 mtu alitakiwa athibitishe kuwa alikuwa mkazi wa nchi mwaka ule ule wa 1958, na mkulima aliyeleta stakabadhi ya kodi ya ardhi ya mwaka wa kabla au wa baada alikataliwa, akahesabiwa mgeni katika shamba alilozikwa babu yake. Ikafuata amri ya kuvaa mavazi ya watu wa kaskazini, na Kinepali kikaondolewa mashuleni. Walipoandamana mwaka 1990 walijibiwa kwa jeshi, kwa vifungo na mateso, na wengi wakalazimishwa kutia saini karatasi za kuondoka kwa hiari ilhali hiari haikuwapo.

Zaidi ya watu 100,000 waliishia kusini-mashariki mwa Nepal, kwanza kwenye ukingo wa mto ambako maradhi yaliwaua hasa watoto, kisha katika kambi saba za vibanda vya mianzi. Huko walikaa kwa karibu miaka ishirini wakipokea mchele, dengu, mafuta na chumvi kwa kipimo, hawana ruhusa ya kufanya kazi nje wala ya kumiliki ardhi, na mashauriano ya serikali mbili, za Bhutan na Nepal, yaliyorudiwa mara nyingi, hayakumrudisha hata mmoja. Jambo moja la heri lilitoka katika dhiki hiyo: shule za kambini, zilizofundishwa na wakimbizi wenyewe, ziliwapa vijana Kiingereza.

Kuanzia mwaka 2008 Marekani ikawapokea, na jumla yao ikapita 90,000, baadhi wakapelekwa Manchester na Concord. Kila familia ilishuka uwanjani ikiwa na deni la nauli ya ndege, ambalo sharti lilipwe kwa mafungu. Shirika la mapokezi liliwaangalia kwa siku 90, baada ya hapo kila mtu ajitafutie. Majengo ya Amoskeag yalikuwa palepale, lakini ndani yake mlikuwa mmegeuka ofisi, madarasa na nyumba za kupanga za bei kubwa. Kiwanda kimoja cha kuwachukua ndugu kumi pamoja hakikuwapo tena. Kazi zilitawanyika, huyu anatandika vitanda hotelini, yule anapakia mizigo ghalani usiku, mwingine anawaogesha wazee majumbani, na kuzifikia kunahitaji motokaa katika theluji. Mzee aliyelima maisha yake yote alijikuta ghorofani, hana ardhi, hajui kusoma, na wajukuu wanamsemesha lugha asiyoielewa. Uchunguzi wa idara ya afya ya Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba Wabhutani walijiua kwa kiasi cha karibu maradufu ya Wamarekani wengine, na jambo hilo linaumiza zaidi ya upungufu wowote wa kipato ulioandikwa katika jedwali.

Pamoja na hayo, mwaka 2009, wengi wakiwa hawajamaliza hata kulipa nauli, walianzisha chama chao katika New Hampshire, chenye madarasa ya Kiingereza na ya uraia. Haraka ya uraia walikuwa nayo tangu awali, na hapa ndipo wanapotofautiana na Wafaransa kuliko popote: hawakuwa na Quebec ya kurudia. Kisha sheria yenyewe iliwasukuma, maana mkimbizi mzee au kilema hupewa posho ya serikali kwa miaka saba tu, na asipokuwa raia ikikatika hana pa kushika. Watoto wao hawakutolewa shule kwenda kufuma. Familia ziliunganisha mishahara mitatu minne zikanunua nyumba, hapo Manchester au kwa kuhamia Ohio na Pennsylvania zilikokuwa rahisi. Mwaka 2019 Bhuwan Pyakurel alichaguliwa diwani wa Reynoldsburg, Ohio, na mwaka 2024 Suraj Budathoki wa Manchester akachaguliwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la New Hampshire, Mbhutani wa kwanza kufikia daraja hiyo katika jimbo lolote. Ni miaka 16 tangu wenziwe wa kwanza kushuka uwanjani. Mtu akitaka kulinganisha kwa insafu, na amweke Mbhutani wa leo kando ya Mfaransa wa mwaka 1881, aliyekuwa akitukanwa kwa muhuri wa serikali huku mwanawe yumo chumba cha kusokotea. Nami nikiwaweka hivyo namwona Mbhutani ametangulia.

Ila aliyetangulia ni yule aliyeupata uraia. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliwakamata Wabhutani kadhaa waliokuwa na hukumu za makosa na ambao hawajawa raia, ikawapeleka Bhutan. Bhutan haikuwakubali, ikawafikisha mpaka wa India, na baadhi yao wakaonekana tena kambini Nepal, mahali walipoondoka utotoni. Wapo katika miji hiyo hiyo ya Manchester na Concord ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaosema Kiswahili, walioingia kwa mlango uo huo wa ukimbizi. Nawasihi ambao wametimiza miaka mitano nchini wapeleke maombi yao ya uraia mwaka huu, na wanaojua kusoma wawasomee wazee wasiojua, mpaka nao wapeleke yao.