Stima ya Kichwa

Ukipanda matatu kutoka Thika kuelekea Nairobi, kabla hujafika Pangani unapita Hospitali ya Mathari. Hakosi mtu wa kusema, "Makanga, huyu mshukishe hapa," na gari lote linacheka. Hospitali yenyewe ilianza 1910, jengo la kutenga wagonjwa wa ndui lilipogeuzwa kuwa la kufungia "wendawazimu".

Mwaka 1938, huko Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walipitisha umeme kichwani mwa mtu aliyeokotwa akizurura kwenye stesheni ya treni. Cerletti alikuwa ameona nguruwe machinjioni wakipigwa umeme, wanapatwa na kifafa lakini hawafi. Madaktari walishaamini kifafa cha kusababishwa kinaweza kutuliza akili. Umeme ulikuwa njia ya haraka tu.

Mwaka huohuo, Mathari ilikabidhiwa J.C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa mpaka 1950. Mwaka 1951 akaandika kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa ubongo kwa upasuaji. Na hapo Kisii kulikuwa na waganga wanaofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, na anapona! Edward Margetts, aliyesimamia Mathari baadaye, alienda kuwachunguza.

Lakini Carothers ndiye aliyesikizwa. Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake 1953, na 1954 serikali ya kikoloni ikachapa maelezo yake kuhusu Mau Mau, yaliyotafuta chanzo cha vita ndani ya akili ya Mkikuyu. Huku kwetu Thika mashamba ya mkonge na kahawa yalikuwa ya Wazungu. Hiyo haihitaji daktari wa akili.

Kwa hivyo sikushangaa tata yangu alipougua, akaacha kula, akaacha kuongea, dawa zikashindwa, na daktari akataja stima. Cucu alikataa katakata. "Kichwa cha mtoto wangu si soketi."

Nilimweleza siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza, anapewa dawa ya kulegeza misuli, na kifafa chenyewe kwa kawaida hakimalizi dakika moja. Inarudiwa mara kadhaa kwa wiki chache. Kumbukumbu inaweza kuvurugika, hilo sikumficha. Lakini kwa sonona kali ya aina hii, ni kati ya tiba zenye nguvu zaidi zilizopo. Hofu yake si ujinga, wasee; waliozungumzia vichwa vyetu zamani hawakutuuliza.

Safari hii daktari alimuuliza tata mwenyewe, polepole, kwa Kikuyu. Akaitikia kwa kichwa. Cucu akanyamaza kitambo, kisha akauliza ni saa ngapi, na kama ataruhusiwa kumshika mkono mpaka alale.