Makazi ya Insafu na Mji Jumuishi: Maana ya Istilahi

Katika nyaraka za serikali za kaunti, katika warsha za wapima ardhi na katika hotuba za wajenzi, limeenea siku hizi fungu la maneno litamkwalo kwa wepesi zaidi kuliko linavyofahamika, nalo ni maendeleo ya makazi yenye usawa na endelevu, pamoja na mipango miji jumuishi. Nia ya makala haya ni kulipambanua fungu hilo neno kwa neno na kulipima kwa hali ya Subukia, mji mdogo ulio bondeni kati ya Nakuru na Nyahururu, ambao ungali katika umri ule ambao mji huweza kupangwa kabla haujajengwa wote; maana istilahi isiyomfaa mkazi wa mahali kama hapo, hata ikiwa imetungwa kwa ufundi wa namna gani, ni sauti tupu.

Neno la kwanza ni makazi, na asili yake ni kitenzi kaa. Nyumba ni kuta na paa. Makazi ni nyumba hiyo pamoja na njia ya kuifikia, maji ya kunywa, choo cha staha, shule na zahanati zilizo karibu, na zaidi ya yote ni yakini ya mtu kwamba akilala leo hataamshwa kesho kwa amri ya kuhama. Wazee wa pwani walilitumia pia neno maskani, ambalo shina lake katika Kiarabu hubeba maana mbili, kukaa na kutulia, na maana hizo haziachani. Historia ya Bonde la Ufa yathibitisha tofauti hii kwa uchungu. Baada ya mapatano ya 1904, ambayo kwayo Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya bonde la kati, ardhi iligawiwa walowezi wa Kizungu, na Waafrika waliokuja kuilima wakaitwa maskwota; hao walijenga vibanda, wakazaa na kulea humo, lakini sheria ya 1918 iliufunga ukaaji wao na kazi ya shamba, hata mwajiri alipoacha kuwahitaji, nyumba nayo iliacha kuwa yao. Walikuwa na nyumba, hawakuwa na makazi. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, haikutosheka kutaja paa, bali ilimtambulia kila mtu haki ya makazi ya kutosha yanayofikika, pamoja na usafi wa kiwango cha kuridhisha.

Neno la pili ndilo tunaloona kwamba halina budi kurekebishwa. Aghalabu husemwa usawa, na usawa ni neno jema, ila hutazama kipimo zaidi ya kumtazama mtu. Shamba likikatwa vipande, na kila mnunuzi akapewa ploti ya futi 50 kwa 100, usawa umetimia. Lakini ploti ya tambarare iliyo kando ya barabara kuu, na ploti ya mteremkoni ambako maji ya masika hushuka na udongo, haziwapi wenyewe maisha mamoja, na mjane aliyepata ile ya pili atatumia kwa ukuta wa kuzuia mmomonyoko fedha zile zile ambazo mwenzake amejengea chumba cha pili. Fauka ya hayo, wako wasiogawiwa ploti yoyote: mpangaji wa chumba cha mabati, kibarua wa shamba, mama auzaye mboga kando ya njia. Hao usawa wa ploti hauwafikii, kwa kuwa hawamo katika hesabu yake.

Lugha yetu inalo neno la kale lifaalo zaidi, nalo ni insafu, yaani haki inayompa kila mmoja kwa kadiri ya stahili na haja yake, isiyomlemea dhaifu kwa kisingizio kwamba mzigo ni mmoja. Mfano u karibu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 humkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri akalipa kiasi hicho hicho; kiwango ni kimoja kwa wote, na huo ndio usawa. Insafu itajulikana pale itakapoulizwa ni nani aliyekabidhiwa funguo, na kama mtu wa kipato cha kubahatisha aliweza kuyamudu malipo ya kila mwezi. Kwa hiyo twapendekeza makazi ya insafu, na neno usawa libakie mahali pake pa kupimia.

Neno la tatu, endelevu, limeundwa kutokana na endelea kama vile vumilivu lilivyoundwa kutokana na vumilia, na limeenea tangu dunia iliposoma taarifa ya Tume ya Brundtland ya 1987, iliyoeleza kwamba maendeleo ya namna hiyo hutosheleza haja za walio hai bila ya kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kujitosheleza. Wengi hulifasiri kuwa ni kudumu tu, na fasiri hiyo haitoshi, kwa sababu hata dhuluma hudumu. Endelevu ni kile kinachodumu bila ya kula mtaji wa dhuria, na mtaji wa Subukia ni udongo wake, maji yake na uthabiti wa miteremko yake. Udongo mzuri wa mahindi na mboga ukifunikwa kwa saruji haurudi. Ardhi yenyewe, fauka ya hayo, ina tabia zake: tarehe 6 Januari 1928 bonde hili lilitikiswa na tetemeko lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 6.9, ambalo ni kubwa kupita yote yaliyopata kupimwa nchini Kenya, na ufa ukafunguka chini ya ukingo wa Laikipia. Na tarehe 9 Mei 2018, huko Solai jirani, bwawa la shamba la watu binafsi lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi, likawaangamiza watu zaidi ya 40 waliokuwa katika nyumba zao za chini. Nyumba hizo zilikuwa na wenyewe na zilikuwa na paa. Kilichokosekana ni mamlaka ya kusema kwa wakati kwamba maji mengi kiasi hicho hayastahili kufungiwa juu ya vichwa vya watu.

Neno la nne ni jumuishi, na hapa uangalifu zaidi wahitajika, kwa sababu huchanganywa na shirikishi. Mpango shirikishi ni ule ambao watu wameitwa barazani, wakaonyeshwa ramani, wakauliza maswali, wakatia sahihi katika orodha ya mahudhurio, wakarudi kwao. Jumuishi latokana na shina lile lililotupa jamaa, jamii na Ijumaa, yaani kukusanya hata wengi wawe kitu kimoja. Basi mpango jumuishi ni ule ambao haja ya mtu imekwisha kuwa sehemu ya mchoro, hata mchoro ukabadilika kwa ajili yake. Kipimo chake ni kimoja: ni mstari gani uliohamishwa kwa sababu ya kauli ya mkazi? Huko Mukuru, Nairobi, mtaa uliotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, wakazi walijipanga katika makundi ya kaya 10, wapangaji wakiwamo, kwa msaada wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Nao walipohoji upana wa barabara uliowekwa na kanuni, ambao ungewang'oa wengi, ilikubaliwa barabara ziwe nyembamba zaidi ili watu wasalie. Mstari ulihama, na kwa hiyo jina jumuishi likastahiki.

Subukia haihitaji kungoja mpaka ifikie msongamano wa Mukuru. Tayari Kijiji cha Maria Mama wa Mungu kilichoko hapo, mahali pa hija pa kitaifa pa Wakatoliki, huleta maelfu ya mahujaji. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, haiko mbali. Na kila shamba linalokatwa leo laweka barabara na mitaro ya miaka 100 ijayo. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 imewapa wakazi mabaraza ya kuhoji mambo ya mji wao, na Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya 2019 imewadai wapangaji wa miji kusikiliza umma. Kinachobaki ni kwamba mpangaji wa chumba, mlemavu wa miguu, mchuuzi na mzee wa shamba waitwe kabla mawe ya mipaka hayajachimbiwa, kwa kuwa baada ya hapo kilichobaki ni kuwaomba msamaha au kuwabomolea.

Basi istilahi yetu ikamilike hivi: maendeleo ya makazi ya insafu na endelevu, kwa mipango miji jumuishi, ni ujenzi wa mahali pa kukaa panapompa kila mtu kwa kadiri ya haja yake, pasipokula amana ya watakaozaliwa, kwa mchoro ambao mkazi dhaifu kuliko wote amepata kuuhamisha mstari wake. Tumeurithi msamiati unaosema kwamba aishiye mahali ni mwenyeji, yaani mwenye mji, wala msamiati huo haukubagua mwenye hatimiliki na mwenye chumba cha kupanga. Afisa wa mipango anayeandika neno jumuishi juu ya ramani ya Subukia amewaahidi wote wawili uenyeji huo, na yafaa adaiwe ahadi yake.