Aliyeshika Pedi na Aliye Kwenye Skrini

Banda lilikuwa la mabati, lina televisheni mbili za inchi 14 na benchi moja refu. Sheria yake ilikuwa moja: anayepigwa anapisha. Miaka ile gemu ya mapigano, Tekken 3, ndiyo iliyotawala, na karibu kila aliyeshika pedi alimtaka Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana miguu ikiwa hewani. Fundi baiskeli mmoja wa mtaani kwetu yeye alimchagua Ling Xiaoyu, binti wa Kichina mwenye mikia miwili ya nywele. Banda zima lilicheka. "Mwanaume mzima unamchukua demu!" Hakujibu. Alimgeuza Xiaoyu, akampa adui mgongo kama anayetaka kukimbia, akachutama, kisha akafyatuka. Eddy akawa chini. Jioni ile hakuna aliyemtoa kwenye benchi, na kesho yake watoto wawili waligombania kumchukua Xiaoyu.

Dada yangu aliyaona yote akiwa mlangoni, maana alitumwa kuja kuniita. Njiani akaniuliza, "Mimi nikija nikamchukua Eddy, mtanicheka?" Nikamwambia hapana, Eddy ni wa kila mtu. "Sasa kwa nini yule mmemcheka?" Sikuwa na jibu. Nimelipata baada ya miaka mingi, katika historia ya gemu zenyewe.

Historia hiyo inaanzia mbali na mabanda yetu, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Mwaka 1978 mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maandishi matupu: umeingia pangoni, mbele yako kuna njia mbili, mchezaji fulani amesimama kando yako. Kila mgeni alitaja jina, kisha akasema anataka kuwa mwanamume au mwanamke. Kompyuta ilipokea jibu lolote. Mwaka 1983, Mmarekani Richard Garriott alitoa mchezo wa Ultima III, na katika orodha ya jinsia aliweka nafasi tatu: ya kiume, ya kike na nyingine.

Lakini hayo yalikuwa ya wachache wenye kompyuta. Kwenye mashine za sarafu na televisheni za nyumbani, mchezo ulikuja na shujaa wake tayari, na mara nyingi shujaa huyo alikuwa mwanamume. Mario alikimbia kumwokoa binti mfalme, na msichana aliyetaka kucheza alikimbia ndani ya mwili wa Mario. Tangu siku ya kwanza alicheza na mhusika wa jinsia nyingine, kwa kuwa hakupewa mwingine. Hakuna aliyeliita jambo hilo kuchagua, wala hakuna aliyelishangaa. Kumbe ndiyo maana Eddy alikuwa wa kila mtu na Xiaoyu alikuwa wa kuchekwa.

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa Metroid. Shujaa wake, Samus Aran, anapita katika mapango ya sayari ya mbali akiwa amefunikwa na deraya kutoka kichwani hadi miguuni. Kijitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Aliyemaliza mchezo haraka vya kutosha alizawadiwa kwa kumwona Samus akivua kofia yake: mwanamke. Wavulana wengi walikuwa wamecheza na mwanamke kwa saa nyingi pasipo kujua. Kwetu siri hiyo ingetunzwa bila uongo wowote. Kiswahili kinasema "amepanda, ameruka, amefyatua", na msikilizaji hajui kama ni kaka au dada mpaka aambiwe. Kiingereza kilitakiwa kuchagua neno, na kilipochagua, kikachagua mwanamume.

Miaka miwili baadaye, katika Super Mario Bros. 2, binti mfalme aliacha kungoja kuokolewa akawa mmoja wa wahusika wanne wa kuchagua. Yeye peke yake aliweza kuelea hewani kwa muda baada ya kuruka, kwa hiyo hata mvulana aliyeona haya alimchukua pale shimo lilipokuwa pana. Mwaka 1991 Street Fighter II ikaleta wapiganaji wanane, mwanamke mmoja kati yao: Chun-Li, mwenye mateke ambayo jicho halikuweza kuyahesabu. Kwa vijana wengi mlango ulifunguliwa hivyo. Walimfuata mhusika wa kike kwa ajili ya mateke yake, wakamzoea, wakampenda.

Kisha mtandao ukaja, na jambo likabadilika uzito. Mbele ya televisheni, mhusika wako anaonwa na rafiki zako wa benchini tu. Katika EverQuest ya mwaka 1999 au World of Warcraft ya 2004, anaonwa na watu usiowajua, nao wanakutendea kulingana na sura waliyoiona. Hata kabla ya hapo, mwaka 1993, mtafiti Amy Bruckman wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika juu ya michezo ya maandishi ya aina ya MUD. Wanaume walioingia kwa umbo la kike walikuta wakipewa misaada wasiyoiomba, kana kwamba hawajiwezi, na wakiandamwa na maneno wasiyoyataka. Mambo ambayo wanawake waliyasema miaka yote, wanaume hao waliyaonja kwa jioni moja.

Hata bei ilisema. Mwaka 2003 mchumi Edward Castronova alichunguza wahusika wa EverQuest waliouzwa kwa mnada kwa fedha halisi. Wa kike waliuzwa kwa bei ya chini kuliko wa kiume, hata uwezo wao ulipolingana.

Na mchezaji naye hubadilika kidogo. Mtafiti Nick Yee na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba katika World of Warcraft, mchezaji akiwa na umbo la kike huponya wenzake zaidi kuliko akiwa na la kiume, awe yeye mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Mwaka 2014 Rosa Mikeal Martey na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wachezaji 375. Asilimia 23 ya wanaume walichukua mhusika wa kike. Kwa wanawake waliochukua wa kiume ilikuwa asilimia 7. Wanaume hao walibadili maneno yao, wakaweka hisia na alama nyingi za mshangao. Miguu yao haikubadilika: waliendelea kurukaruka na kukaa mbali na kundi, kama wanaume wenzao.

Kampuni zilifuata polepole. Pokémon, iliyoanza Japani mwaka 1996, ilimruhusu mchezaji kuwa msichana mwaka 2000. Mwaka 2014 Ubisoft ilipoulizwa kwa nini hakuna mwanamke wa kucheza naye katika Assassin's Creed Unity, mmoja wa wasimamizi wake alijibu kuwa kazi ya kumtengeneza ingekuwa maradufu, na wachezaji wakawaka. Mwaka 2015 FIFA 16 ikaleta timu 12 za taifa za wanawake. Zilicheza zenyewe kwa zenyewe tu, na hakuna hata moja iliyotoka Afrika.

Somo kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2016, katika mchezo wa Uingereza uitwao Rust. Watengenezaji waliamua kwamba kompyuta ndiyo itakayogawa jinsia, na ukishapewa huwezi kubadili. Wanaume waliojikuta katika miili ya kike walilalamika kwamba mtu huyo kwenye skrini si wao, na kwamba hakuna aliyewauliza. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Ni yaleyale ambayo wasichana walikaa nayo kimya tangu enzi za mashine za sarafu.

Kwa hiyo sioni aibu yoyote kwa mvulana anayemchukua binti, wala kwa binti anayechukua jitu lenye ndevu. Bibi zetu walipotusimulia ngano walikuwa sungura, wakawa fisi, wakawa mfalme, na sisi tuliwasadiki. Kuvaa nafsi ya mwingine kwa saa moja ni njia ya zamani ya kumjua. Ninachotaka ni kwamba mlango huo uwe wazi kwa wote, na kila anayeuvuka awe ameuvuka kwa hiari.

Nilipokuwa naandika makala haya nilimpigia dada yangu, nikampa jibu la swali lake. Swali lenyewe alikuwa amelisahau. Anachokumbuka ni kwamba alisimama mlangoni pale karibu kila jioni, na kwamba sote benchini tulimwona, na hakuna hata mmoja aliyesogea akamwambia, "Njoo, shika pedi."