Mali kauli: Taria Topan na Hamed bin Muhammed

Vijana wa familia zetu wanaoanza biashara zao Maskati, Dubai au London hutuuliza mara kwa mara: wazee walipata wapi mtaji na zama zile hapakuwa na benki? Huwa tunawajibu kwa maneno mawili ambayo Zanzibar hayajafa mpaka leo, mali kauli. Mtu huchukua bidhaa bila ya fedha mkononi, na rehani yake ni kauli yake. Lakini jibu hilo peke yake ni la kuwafurahisha tu. Kauli nayo ilikuwa na kazi ya kuijenga, na tumeona tuieleze kwa mfano wa watu wawili wanaojulikana: Taria Topan, Khoja Ismailia aliyetoka Kachchi, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye bara walimwita Tippu Tip.

Taria alifika Zanzibar angali kijana, akafanya kazi chini ya nyumba ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodi forodha ya Seyyid kwa miaka mingi. Huko forodhani ndiko alikojifunza watu. Kila frasila ya pembe ilipita pale, na kila mtu aliyerudi kutoka bara alionekana amerudi na nini, na amemlipa nani kwanza. Baadaye Taria mwenyewe akaja kuikodi forodha hiyo. Akafanya biashara pia na Wamarekani wa Salem, waliokuwa wakileta nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani.

Hamed kwa upande wake alikuwa mtoto wa njia. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu mkubwa Tabora, na Hamed alianza safari akiwa barobaro. Safari zake za mwanzo zilimpa jina, na jina likamfikisha kwa Taria. Kiasi cha mwaka 1870 aliondoka pwani kwa safari yake ndefu, na tajiri wake mkubwa alikuwa Taria. Alirudi Zanzibar mwaka 1882.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Kiasi cha miaka 12 mali ya Taria ilikuwa nyuma ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo hakuna kadhi wala askari wa Seyyid ambaye angemkamata mdeni. Katika muda huo Seyyid Majid alifariki, akatawala Seyyid Barghash. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja. Na soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Tajiri mwenye pupa angekwisha kumwandika mdeni wake katika hasara. Taria alingoja, na Hamed akaja na pembe.

Tusimfanye Taria walii. Bidhaa za mkopo zilitolewa kwa bei ya juu kuliko za taslimu, na faida ya kungoja ilikuwa ndani ya bei hiyo. Mwenye shamba aliweza pia kuliuza kwa bei ya khiyari, yaani akibaki na haki ya kulikomboa atakapolipa, na huku akilikodi mwenyewe. Hati za namna hiyo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Zanzibar, na hatuna shaka kwamba nyingine zimelala masandukuni mwenu. Daftari la Mhindi liliandikwa Kigujarati, hati ya Mwarabu Kiarabu, na maneno yote baina yao yalikuwa Kiswahili.

Wala tusinyamaze juu ya waliobeba. Pembe zile zilishuka pwani juu ya mabega ya wapagazi na watumwa, na nyingi zilipatikana kwa vita na kwa kuchoma vijiji vya Manyema na kwingineko. Uaminifu tunaousimulia ulikuwa baina ya waliokaa barazani. Wale wa chini ya mzigo hawakuulizwa kauli yao, na mwanahistoria wa ukoo wetu asiyelisema hili anajidanganya.

Baadaye Hamed alijaribu namna nyingine ya ushirika. Februari 1887, Zanzibar, mbele ya Konseli wa Kiingereza, aliwekeana mkataba na Stanley. Atakuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi kutoka kwa Mfalme Leopold, na atatoa wapagazi 600 kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Kila kitu kiliandikwa. Wapagazi hawakufika kwa wakati. Stanley akasema amehiniwa, Hamed akasema baruti aliyoahidiwa hakuipata. Watu hawa wawili walifahamiana tangu 1876, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake kama chombo cha safari moja.

Stanley alikwenda mahakamani Zanzibar. Fedha alizotaka zizuiwe, pauni 10,000 za Hamed, zilikuwa zimewekwa wapi? Katika nyumba ya Taria Topan. Yule aliyekuwa mdeni mwaka 1870 sasa alikuwa mwenye amana, na tajiri wake ndiye mtunzaji. Tukio hili dogo linatueleza zaidi kuliko sifa zote walizopewa. Stanley hatimaye aliiacha kesi.

Hamed aliporudi Zanzibar mwaka 1891, Taria alikuwa akimalizia umri wake. Alifia Bombay mwaka huohuo. Hamed alikaa Shangani akaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Brode akayachapisha. Alifariki mwaka 1905. Nyumba yake ingalipo, na kutoka hapo mpaka jengo la zahanati ambalo Taria alilianzisha pwani mwaka 1887 ni mwendo mfupi kwa miguu.