Mzaha Unaouma na Mzaha Unaobembeleza

Anayetaka kujua kama tashtiti imempata mlengwa asihesabu waliocheka, amtazame aliyechekwa. Kwa kipimo hicho, kazi ya Dan Lyons, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeidhihaki sekta ya teknolojia kwa zaidi ya miaka kumi, ina sehemu mbili, na ile iliyompa umaarufu ndiyo dhaifu. Agosti 2006, akiwa mhariri mwandamizi wa jarida la Forbes, alianzisha kwa siri blogu ya shajara akijifanya Steve Jobs, mkuu wa Apple. (Mwaka uliotangulia Forbes ilikuwa imechapisha makala yake ndefu ya kuwashambulia wanablogu, wakiwemo wanaojificha nyuma ya majina ya bandia.) Jobs huyu wa kubuni alijaa majivuno, akihubiri utulivu wa Kibuddha huku akiwafokea wafanyakazi wake. Silicon Valley nzima ikawa inabahatisha mwandishi ni nani. Mei 2007 Bill Gates, akiwa jukwaani pamoja na Jobs mwenyewe, alifungua maongezi kwa kukana kwamba ndiye Jobs wa bandia, na ukumbi ukaangua kicheko. Agosti iliyofuata Brad Stone wa New York Times akamfichua Lyons.

Kicheko cha ukumbi ule ndicho kinachonitia shaka. Dhihaka ambayo matajiri wawili wanaweza kutaniana nayo mbele ya hadhira imekwisha kufugwa. Wala si kwamba Lyons alikosa mambo mazito ya kusema. Apple ilikuwa imeandamwa na sakata la haki za kununua hisa ambazo wakuu wake walipewa kwa tarehe zilizorudishwa nyuma ili ziwe na faida kubwa zaidi, na Lyons alilitumia sakata hilo kama uti wa mgongo wa riwaya yake Options ya mwaka 2007. Tatizo lilikuwa mahali alipomketisha msomaji: ndani ya kichwa cha Jobs. Kama katika hekaya za Abunuwasi, anayesimuliwa ujanja kwa upande wa mjanja humwia vigumu kumchukia. Jobs wa bandia alikuwa mjeuri, lakini alikuwa mjeuri mwenye akili kuliko wote waliomzunguka, na hiyo ndiyo sifa hasa ambayo Apple ingependa mkuu wake avikwe.

Atakayemtetea Lyons atasema kwamba bila kinyago asingeweza kusema lolote, kwa sababu Apple ilikuwa na usiri mkubwa na waandishi waliiogopa wasije wakafungiwa milango. Utetezi huo una uzito. Julai 2009, mfanyakazi wa kiwanda cha Foxconn, kampuni iliyoitengenezea Apple simu zake, huko Shenzhen, China, alipojiua baada ya kupotea kwa sampuli ya iPhone aliyokabidhiwa, blogu ile ilimfanya Jobs wa bandia ajiulize kuhusu damu iliyo nyuma ya bidhaa zake, na hapo mzaha uligeuka shubiri. Desemba mwaka huohuo, mkuu mmoja wa kampuni ya simu ya AT&T alipodokeza kwamba wateja wanaotumia data nyingi wangeshawishiwa wapunguze matumizi, Jobs wa bandia aliwahimiza wenye iPhone wauelemee mtandao wa kampuni hiyo kwa wakati mmoja, tarehe 18, saa sita mchana. Mtandao haukuanguka. Lakini AT&T haikucheka; ililaani wito huo kuwa ni kutowajibika. Angalia basi kinyago kiliuma lini: kilipoacha kumchekea mvaaji na kugeukia kiwanda na mtandao wa simu.

Wakati huo ajira yenyewe ya uandishi ilikuwa ikimomonyoka. Lyons alihamia Newsweek mwaka 2008. Mwaka 2010 jarida hilo liliuzwa kwa dola moja pamoja na madeni yake. Mwaka 2012 akapoteza kazi, na mwisho wa mwaka huo toleo la karatasi likasitishwa nchini Marekani. Matangazo yaliyokuwa yakilipa mishahara ya wahariri yalikuwa yamehamia kwenye intaneti, mikononi mwa watu walewale aliokuwa akiwacheka. Mwaka 2013, akiwa na zaidi ya miaka 50, aliajiriwa na HubSpot ya Cambridge, Massachusetts, kampuni inayouza programu za masoko, akafanya kazi kati ya vijana wengi wenye nusu ya umri wake. Huko ukuta mzima ulijaa peremende za bure, na aliyefukuzwa kazi alitangazwa kwa furaha kwamba amehitimu. Kitabu chake Disrupted, kilichotoka Aprili 2016, kinaeleza hayo kwa jina lake mwenyewe.

Safari hii waliochekwa hawakupanda jukwaani kutania. Julai 2015, kitabu kikiwa bado hakijatoka, HubSpot ilitangaza kumwachisha kazi mkuu wake wa masoko kuhusiana na majaribio ya kuupata mswada wake. Mkuu mwingine alijiuzulu. FBI ilichunguza, na hakuna aliyeshtakiwa. Kitabu cha vichekesho kiliitikisa ofisi ya kampuni iliyokwisha kuingia soko la hisa la New York.

Wapo wasemao Disrupted ni uchungu tu wa mzee aliyepitwa na wakati, na kwamba kampuni moja si sekta nzima. Katika jambo moja wana haki: Lyons aliitilia shaka biashara iliyokuwa ikipata hasara, na hisa zilizoanza kuuzwa kwa dola 25 mwaka 2014 zimepanda mara nyingi tangu hapo. Lakini faida ya mwenye hisa haijibu swali kuhusu mwajiriwa. Hoja yenye nguvu ya kitabu ni kwamba shamrashamra za ofisini zilikuwa njia ya kupata vijana wa ujira mdogo na kuwatoa haraka, na hoja hiyo hainyauki kwa sababu kampuni imetajirika; pengine utajiri huo ni sehemu ya ushahidi wake. Uchungu nao si kasoro ya shahidi aliyekuwepo. Katika Lab Rats ya mwaka 2018 Lyons aliipeleka hoja hiyo nje ya HubSpot, kwenye sehemu za kazi zilizoiga desturi za Silicon Valley. Humo vichekesho ni vichache zaidi, na Steve Jobs si mhusika mkuu tena.